Niende Kolwezi, au ningojee wanifukuze?

SWALI

Yaya, niko na miaka 44. Tangu 2008 niko fundi wa seva kwenye kampuni kubwa ya kompyuta ya ng'ambo, ofisi ya hapa Lubumbashi. Tulikuwa watu 38, leo tumebaki 6. Klimatizeri ya chumba cha seva ilikufa mwezi wa tatu. Tunaacha mlango wazi na tumeweka feni ya patron, aliyoitoa nyumbani kwake. Sasa kampuni moja ya Kolwezi inaniita, inataka nianze baada ya wiki tatu. Mke wangu anasema: "Ngojea wakufukuze, ule pesa yako ya miaka 17." Mimi naona haya kuwaacha, wao ndio walionifundisha kazi. Nifanye nini?

Fundi wa Bel-Air

JIBU

Ndugu yangu fundi, hiyo feni imenichekesha, kisha kicheko kikakauka. Kwetu ilikuwa jenereta. Nilikaa miaka 19 kwenye hesabu za kampuni kubwa ya simu, na mazutu (dizeli) yake ilipoanza kununuliwa kwa bidoni moja moja nilijua kampuni inakufa. Lakini nikangojea bahasha, kama mkeo anavyokushauri. Mama wa personeli akahamishiwa Johannesburg, ofisi yake ikajaa makartoni ya karatasi za printa. Zamu yangu ilipofika, hapakuwa na mtu wa kutia sahihi. Dekonti yangu, yaani malipo ya mwisho ya kuondoka, ilichukua miezi 14, na cheti cha kazi kikaja na jina la baba yangu limekosewa. Nimsumbue nani alisahihishe?

Sisi watu wa Lubumbashi tulipaswa kuwa tumejifunza. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, walichukua ile departi volonteri (kuondoka kwa hiari kwa malipo), baada ya miezi na miezi bila mshahara. Jirani yetu wa Katuba alinunua taksi kwa pesa yake. Haikumaliza mwaka. Wala jina kubwa lisikudanganye: Nokia iliuza simu zake kwa Microsoft, na mwaka 2014 Microsoft ikatangaza kukata kazi 18,000, nyingi zikiwa za watu waliotoka Nokia.

Hata hivyo, hesabu ya mkeo si mbaya. Kanuni ya kazi ya Kongo ya 2002 inasema mwajiri akikuachisha, preavi (notisi kabla ya kuondoka) ni siku 14 za kazi, na 7 zaidi kwa kila mwaka mzima. Kwako wewe ni siku 133. Ukiondoka mwenyewe, unadaiwa nusu ya hizo: siku 66 na kitu, karibu miezi miwili na nusu. Umeliona tatizo? Kolwezi wanakutaka baada ya wiki tatu. Ukiwakimbilia tu, kampuni ina haki ya kukudai mshahara wa siku usizozitumikia, na ujue wataukata kwenye dekonti.

Kwa hiyo zungumza na patron. Mtu aliyetoa feni nyumbani kwake si mtu mbaya. Mwombe akufupishie preavi, kwa maandishi, na uwaombe Kolwezi wakusogezee tarehe. Siku za konji (likizo) ambazo hukuchukua ziingie kwenye dekonti. Nenda CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, uangalie kama michango yako ya miaka yote hiyo ilifika kweli. Wengine wetu tulikatwa kila mwezi na kule hatukuonekana.

Ile haya yako, sitaicheka. Nami nililia kwenye parkingi, nimeshika kikombe changu cha chai. Lakini waliokufundisha wako wapi leo? Kama hesabu yako ni sahihi, 32 wameshaondoka, na nadhani hakuna aliyekuomba ruhusa.

Mimi ningeenda, na ningeenda wakati patron bado anaingia ofisini asubuhi. Barua iwe nakala mbili, zote zipigwe muhuri. Muhuri wenyewe bado uko Lubumbashi? Kauliza kesho.