Nikisahihishwa naishiwa hamu ya kuandika, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dada. Naandika simulizi, natuma kipande kimoja kimoja kwenye grupu la WhatsApp. Juzi nilimpa mwalimu wa Kiswahili asome, akanirudishia kurasa zimejaa wino mwekundu, hasa "ambaye aliyekuja", "nyimbo hii" na zile r na l. Tangu hapo kila nikiandika sentensi naifuta, na watu wanadai mwendelezo. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hao wanaodai mwendelezo wanataka kujua mhusika wako kapatwa na nini, kwa hiyo wao kwanza. Ninavyoona mimi unaandika na kusahihisha kwa wakati mmoja, na hizo ni kazi mbili, ukizichanganya hata moja haiishi. Andika kipande chote na makosa yake, lala, kesho yake ndo ukisome kwa sauti.

Halafu hayo makosa uliyotaja ni matatu tu, yanajirudia ndo maana karatasi imekuwa nyekundu. Ukishasema "ambaye" kirejeshi, yaani hiyo "ye" inayomrejelea mtu, kimeshapita, usikirudie kwenye kitenzi: ni "mtu ambaye alikuja" au "mtu aliyekuja", basi. Mi napenda ya pili, fupi na stori inakimbia. Kabla hujatuma, tafuta "ambaye" na "ambao" kwenye simu yako uangalie kitenzi kinachofuata kila mahali, ni kazi ya dakika chache. Wimbo ni mmoja, nyimbo ni nyingi, kwa hiyo wimbo huu, nyimbo hizi, na ukiishika hiyo umeshika pia ukuta na kuta, uso na nyuso, ufunguo na funguo.

Za r na l ndo ngumu na wala sio ujinga, lugha nyingi za kwetu hazitofautishi hizo sauti mbili na mtu anaandika anavyotamka. Ila msomaji anapotea: mhusika anatafuta pa kulala, anasema "nimekosa mahari", sisi tunajua posa imekwama! Hapa hamna kanuni ya kukuokoa, ni kamusi na kadaftari. Andika humo maneno yanayokukwamisha wewe, sio ya watu wote.

Na mwalimu wako usimkimbie. Mtu aliyesoma kurasa zote akaweka alama kila sehemu amekuheshimu sana, wengi wanasema "nzuri" na hawajafungua hata ukurasa wa pili. Mwombe safari ijayo akuonyeshe na pale stori ilipomshika.

SWALI: Dada, nashinda dukani mpaka saa 3 usiku, narudi nimechoka. Hamu ya kuandika naipata wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ukisubiri hamu utasubiri sana, we tenga muda. Nusu saa kabla hujafungua duka inatosha, aya moja tu, ila kila siku. Shaaban Robert, mtu wa huko huko Tanga, alikuwa karani wa serikali, alianzia idara ya forodha mwaka 1926, na miaka mingi aliandika huku ameajiriwa. Tafuta na kitu chenye tarehe ya mwisho, mfano Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, wana riwaya, wana ushairi. Soma masharti yao tangazo likitoka, chagua kundi lako, anza na hiyo aya ya kesho asubuhi.