Kabla hujaomba uhamisho kwenda shule ya babu yako

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia kutoka Manyoni. Babu mwalimu, mama mwalimu, yeye mwenyewe ana miaka mitatu kazini, na sasa anaomba uhamisho arudi shule ileile waliyofundisha wazee wake. "Dada, nitapokelewa vizuri?" Utapokelewa vizuri sana, mdogo wangu. Kazi inaanza wiki ya pili.

Babu yangu alisomea ualimu Mpwapwa, akarudi kufundisha kijijini kwetu, upande wa stesheni ya Gulwe. Kipande cha reli alichokitundika kwenye mkwaju ndicho kengele ya shule hadi leo. Mama aliingia kwa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto awe darasani ifikapo 1977; walimu hawakutosha, basi waliomaliza darasa la saba wakapewa chaki, wakawa wanafundisha huku nao wanafundishwa. Watani wakageuza hizo herufi: Ualimu Pasipo Elimu. Mama kalisikia hilo mnadani mpaka anastaafu, na waliokuwa wakicheka wengi wao aliwafundisha kusoma yeye. Bado linaniuma, nisameheni.

Mimi niliripoti shuleni hapohapo na cheti changu cha ualimu cha daraja A nikitembea kama mwenye shule. Mwalimu mkuu akanipa darasa la kwanza, watoto mia na ushee: "Wewe wa hapahapa, utawamudu." Nyumba ya mwalimu ilipobaki wazi, akapewa aliyekuja nyuma yangu kutoka Bukoba. Kisa? Mimi nina kwetu. Kwetu ni mwendo wa saa nzima, na mvua zikinyesha korongo linajaa, unavuka viatu mkononi. Watoto wakifeli, kwenye kikao cha wazazi anasimama mzee: "Babu yake angekuwepo!" Babu aliyewachapa hao hao wakatoroka kwenda kuchunga.

Nami nilikuwa na makosa yangu. Nilichelewa nikijua mwalimu wa zamu hataniandika, kwa kuwa alisomeshwa na mama. Andalio la somo nilikuwa naliandika Ijumaa kwa wiki nzima iliyokwisha pita. Mratibu elimu kata akaja Jumanne, akalikuta tupu. "Jina la babu yako halisahihishi madaftari," akasema, mbele ya wenzangu wote. Siku hiyo nilipiga kengele ya kutoka kabla ya saa yake.

Miaka iliyofuata nairuka. Niliomba uhamisho, nikapelekwa Bahi, ambako hakuna aliyemjua babu. Huko ndiko nilikojifunza kuingia darasani nimejiandaa, maana sikuwa na wa kunificha.

Kwa hiyo ninyi mliozaliwa kwenye nyumba za walimu, anzeni mbali. Fundisha ugenini kwanza. Ukirudi, rudi na kazi yako mkononi, usirudi na ukoo. Na mbali si lazima Kigoma. Hata kata ya pili inatosha, mradi uanze mbali. Vijana wa siku hizi mnapenda njia iliyokwisha fyekwa, halafu mnalalamika miiba!

Wewe wa Manyoni, barua usiipeleke kwanza. Niandikie kama hiyo shule ina nyumba ya mwalimu, ina vyumba vingapi, na nani anakaa humo.