Nililinda kambi Iraki, sasa silali: je, nimechelewa kudai?

SWALI

Habari ya kazi, wakili. Mimi ni mstaafu wa UPDF, jeshi la Uganda, nilitoka na cheo cha koplo, nakaa Bweyale, wilaya ya Kiryandongo. Nilipigana kaskazini mwa Uganda dhidi ya waasi wa Kony, wale wa LRA, mpaka nilipoacha jeshi mwaka 2006. Mwaka 2008 nikaenda kyeyo, yaani kibarua cha ng'ambo, Iraki, nikalinda lango na minara katika kambi ya Wamarekani ya Balad kwa miaka miwili, mshahara dola 600 kwa mwezi. Makombora yalikuwa yakiangukia ndani ya kambi, mara usiku wa manane, mara tukibadilishana zamu. Mganda mwenzangu alipasuliwa na kipande cha chuma nikiwa hatua chache tu kutoka kwake. Mimi sikupata hata mkwaruzo. Mkataba ulipokwisha kampuni ikanipa karatasi nitie saini kwamba sidai kitu.

Sasa silali. Embe likianguka kwenye mabati usiku, najikuta niko chini ya kitanda. Mama watoto amehamia chumba cha watoto. Boda boda niliiuza miaka miwili iliyopita, baada ya tairi la lori kupasuka karibu yangu nikaacha pikipiki na abiria katikati ya barabara nikakimbia. Ndugu walisema ni cen, roho za waliokufa, wakanipeleka kwa ajwaka, mganga wa mizimu, mbuzi akachinjwa. Miezi minne iliyopita mhudumu wa afya ya akili huko Gulu ndiye aliyeniambia kwamba huu ni ugonjwa, unaitwa PTSD, na unatoka kwenye vita. Rafiki ananiambia Marekani kuna wizara ya wastaafu wa jeshi inayolipa ulemavu mpaka asilimia mia. Mwingine anasema muda ulikwisha zamani. Broka mmoja anataka shilingi laki tatu anifungulie faili. Niende wapi?

JIBU

Afande, broka asubiri. Fomu ya kufungulia madai ni ya bure, iko kwenye tovuti ya Wizara ya Kazi ya Marekani, na inaitwa LS-203. Tena sheria inayohusika inakataza mtu kupokea ada ya kushughulikia madai hayo kabla ada yenyewe haijaidhinishwa na wizara au jaji. Kuipokea kinyemela ni kosa la jinai. Bima ya mwajiri wako ikikataa madai na wakili wako akashinda, kwa kawaida bima ndiyo humlipa. Laki tatu hiyo iweke kwa nauli, utaihitaji.

Rafiki yako naye amechanganya milango. Wizara ya wastaafu wa jeshi huko Marekani, ile yenye asilimia, ni ya waliovaa sare ya jeshi la Marekani. Wewe ulivaa sare ya kampuni. Na Mbuya, makao ya jeshi letu, pia hawatalipia Balad: pensheni yako ya UPDF ni ya miaka uliyotumikia UPDF, na ulipokwenda Iraki ulikwenda kama raia aliyeajiriwa. Endelea kuipokea, haigongani na haya tunayozungumza.

Mlango wako ni mwingine, na nimekutana na wengi waliorudi kutoka Iraki bila kuambiwa kwamba upo. Mwaka 1941 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iitwayo Defense Base Act. Inamlazimu mkandarasi mwenye kazi kwenye kambi za jeshi la Marekani ng'ambo kuwakatia bima wafanyakazi wake, awe Mmarekani, Mfilipino au mtu wa Bweyale. Na neno "jeraha" ndani yake halikuishia kwenye nyama na mfupa. Akili iliyoumia kazini inahesabiwa hata kama mwili haukuguswa, kwa hiyo kule kutopata mkwaruzo kusikutie unyonge.

Ile karatasi ya kuondokea pia isikutishe. Sheria hiyohiyo inasema makubaliano ya mfanyakazi kuiachilia haki yake ya fidia hayana nguvu. Itunze vizuri: ina jina la kampuni, tarehe na saini yao, vitu ambavyo tunavihangaikia sana kwa mtu aliyepoteza mkataba. Weka pamoja na pasipoti yenye mihuri, kitambulisho cha kambi, picha, na taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia.

Sasa muda, maana hapo ndipo madai mengi ya watu wa kyeyo hufia. Kanuni ya kawaida ni kumjulisha mwajiri ndani ya siku 30 na kufungua madai ndani ya mwaka 1. Mtu akisikia hivyo anahesabu kutoka 2010, anakata tamaa, anarudi shambani. Lakini hesabu haianzi siku kombora lilipoanguka. Inaanza siku ulipojua, au ulipopaswa kujua kama mtu mwenye uangalifu wa kawaida, kwamba unaumwa kwa sababu ya kazi ile na kwamba ugonjwa huo unakupunguzia uwezo wa kupata riziki. Yote mawili, si moja. Kwa maradhi ya kazini yanayochelewa kumlemaza mtu sheria inatoa miaka 2, ila kama PTSD inaingia kwenye fungu hilo ni jambo linalobishaniwa, na mimi sipendi kumweka mteja wangu katikati ya ubishi. Hesabu mwaka 1. Tangu siku ya Gulu, umebakiwa na miezi 8.

Bima watasema ulipaswa kujua tangu siku ulipoiuza boda boda. Hapo ndipo yule mbuzi anapoingia kwenye faili. Watu huona haya kumtajia wakili habari za ajwaka, hasa wakidhani Mzungu atazisoma. Wewe zitaje. Familia inayochinja mbuzi ili kuondoa cen ni familia inayoamini kwamba taabu imeletwa na roho za waliokufa. Haijui habari za bima wala ugonjwa wenye jina hospitalini. Huo ni ushahidi kwamba hakuna aliyekuwa ameyaunganisha haya na zamu zako za mnarani. Ndugu aliyekuwepo aandike alichokiona, ataje mwezi na mwaka, atie saini, na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, agonge muhuri kwamba anamfahamu.

Nina swali langu pia. Ukiwa Balad, ulimwambia msimamizi au kliniki ya kambi kwamba hulali, au kwamba mikono inatetemeka baada ya king'ora? Kampuni ikishajua kuhusu jeraha inatakiwa kupeleka taarifa yake wizarani ndani ya siku 10, kwenye fomu ya LS-202. Kama ilijua ikanyamaza, muda wa kufungua madai hauanzi kuhesabiwa mpaka itakapoipeleka. Na hata ikitokea umeshindwa kwenye muda wa fidia, haki ya matibabu haifungwi na muda huo. Unaweza kudai bima ilipie daktari na dawa peke yake.

Lakini lililo gumu zaidi hukuliuliza: kaskazini. Bima watauliza mtu aliyepigana na LRA miaka yote hiyo amewezaje kuuleta ugonjwa wake kutoka Iraki. Wapo wanaoshauriwa na marafiki wafute miaka ya jeshini kwenye maelezo yao. Usifanye hivyo. UPDF wana rekodi, kampuni yenyewe ilikuajiri kwa sababu uliwahi kushika bunduki, na uongo ukikamatwa mahali pamoja hutaaminiwa hata kwa yaliyo kweli. Isitoshe hauhitaji kufuta chochote. Chini ya sheria hii mwajiri humchukua mfanyakazi jinsi alivyo. Kama ulikuwa na ufa na Balad ikaupanua, fidia ni ya ulemavu wote. Hakuna atakayekaa kupima ni kiasi gani cha Kony na kiasi gani cha Iraki.

Kwa hiyo eleza kwa undani miaka ile ya katikati, 2006 hadi 2008. Ulikuwa unalala? Ulilima, ulibeba abiria, ulikaa kwenye sherehe mpaka mwisho? Na kabla ya kupanda ndege ulipimwa afya ukaonekana unafaa? Mtu aliyepita vitani akarudi nyumbani akaishi kama wenzake, kisha akarudi kutoka Iraki akaanza kujificha chini ya kitanda, anaeleweka hata na jaji ambaye hajawahi kufika Kiryandongo. Tena sheria inakusaidia. Ukishaonyesha kwamba unaumwa, na kwamba mazingira ya kazi yangeweza kusababisha au kuzidisha ugonjwa huo, inachukuliwa kwamba vimehusiana. Bima ndiyo inayotakiwa kuleta ushahidi wa maana kupinga.

Kwa upande wa daktari, maandishi ya yule mhudumu wa Gulu ni mwanzo mzuri, lakini yanahitaji mgongo. Tafuta ripoti ya daktari bingwa wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia wa tiba. Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, wapo, na hata kwenye hospitali kubwa za rufaa za mikoa unaweza kuwauliza. Una haki ya kumchagua daktari wako. Nimewahi kuletewa ripoti ya mstari mmoja: "Ana PTSD, apumzike." Haifai kitu. Ripoti ya kusimama nayo inataja matukio, hasa lile la mwenzako aliyekatwa na chuma; inaeleza ndoto na kumbukumbu zinazokuvamia, vitu unavyovikwepa, na mshtuko wa kila sauti; inasema dalili zimedumu muda gani; inaunganisha na Balad; na inataja kazi unazoweza na usizoweza. Madaktari wanajua kwamba PTSD inaweza kukawia, kwamba mtu anaweza kukaa zaidi ya miezi 6 kabla dalili zote hazijakamilika. Kama unakunywa waragi, ile pombe kali, ili ulale, mwambie daktari yeye kwanza, kabla bima hawajaligundua. Bima nao watakutaka uonwe na daktari wao. Nenda. Ukikataa bila sababu, malipo yanaweza kusimamishwa.

Kuhusu pesa, zile asilimia zisahau. Ugonjwa wa akili haumo kwenye orodha ya viungo yenye bei ya mkono na bei ya mguu. Kinachopimwa ni riziki iliyopotea. Dola 600 kwa mwezi ni kama dola 138 kwa wiki. Asiyeweza kazi kabisa hulipwa theluthi mbili ya hizo, yaani dola 92 hivi kila wiki. Ikionekana bado unaweza kupata, tuseme, dola 20 kwa wiki kwenye kilimo, unalipwa theluthi mbili ya tofauti, karibu dola 79. Siyo utajiri, lakini huja wiki kwa wiki, na matibabu ni juu ya bima.

Ndiyo maana kuwa mwangalifu siku watakapokuletea kitita kimoja ili faili lifungwe. Makubaliano hayo lazima yaidhinishwe na wizara au jaji, na yakishapita hayafunguliwi tena, mara nyingi na matibabu yameuzwa humohumo. Mtu akiwa na deni la karo huona kitita tu. Soma mstari unaohusu dawa kabla ya kusoma ule wa dola. Ujue pia kwamba kwa asiye raia wala mkazi wa Marekani, sheria inaruhusu fidia ya baadaye igeuzwe malipo ya mara moja kwa nusu ya thamani yake, na bima wanaweza kuliomba hilo wenyewe.

Wiki hii jaza LS-203, hata kama ripoti ya daktari bado. Tarehe ya kupokelewa ndiyo inayokulinda, na karatasi nyingine zitafuata. Na mama watoto naye akae aandike ukurasa mmoja kwa mkono wake, kwa lugha anayoiota, tutatafuta wa kuifasiri: alihama chumba lini, usiku huwa unaita majina ya nani, watoto wamefundishwa kukuamsha wakiwa wamesimama wapi. Na lile la embe asiliache.