Msimu wa mvua: anzeni na kipima mvua

Kwa aliyeuliza wanaosomesha watoto nyumbani wafanye nini mvua zikianza, na watoto ni wa rika tofauti: tengenezeni kipima mvua. Chukua chupa ya plastiki ya lita 2 yenye ubavu ulionyooka, ikate pale bega linapoishia, kisha geuza kichwa chake kiingie ndani kama faneli, bila kifuniko. Weka kokoto chini isiangushwe na upepo. Halafu mimina maji hadi yafunike kokoto na ile sehemu ya kitako yenye mabonde. Hapo ndipo sifuri. Wengi huruka hatua hii, vipimo vyote vinakuwa uongo. Bandika rula kuanzia hapo.

Iwekeni mahali wazi. Kama kuna mti wa mita 4, kaeni mita 8 kutoka kwake. Someni kila siku saa 3 asubuhi, kisha mwage maji yarudi kwenye sifuri. Mdogo asome rula, mkubwa achore grafu na kukokotoa: milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita mraba, kwa hiyo paa la nyumba limekinga lita ngapi?

Matembezi ya pamoja yaacheni hadi kiangazi. Kutazama nyota ndiyo bora, siku za mwezi mwandamo, maana mwezi mpevu hufifisha nyota. Macho huhitaji kama dakika 20 kuzoea giza. Simu moja ikiwashwa, mnaanza upya. Tochi ivikwe karatasi nyekundu. Na tangazeni tarehe ya akiba mapema, mawingu hayana adabu.