Wiki ya kwanza kufundisha Kiingereza Thailand

Dada, umesema Jumatatu unaanza na watoto wa chekechea huko Thailand na usingizi huna, pole sana, mi nilikuwa hivyohivyo. Siku ya kwanza usitegemee kufundisha kitu, watakushangaa, wengine watakushika nywele, mmoja lazima atalia, waache tu wakuzoee. Saa mbili asubuhi kuna bendera na wimbo wa taifa, uwepo. Vaa viatu vya kuvua haraka maana madarasa mengi ya wadogo unaviacha mlangoni. Na tafadhali usimpapase mtoto kichwani, kule kichwa kina heshima yake, mi nilijisahau nikaona mwalimu mwenzangu kabadilika sura. Majina yao marefu usihangaike nayo, karibu kila mtoto ana jina fupi la nyumbani, andika kwenye stika mbandike kifuani. Beba mpira mdogo, anayeudaka anataja rangi, wakichoka mnaimba. Wakitamka maneno ya Kiingereza wataangusha s ya mwisho, usikaripie, rudia taratibu. Ila kibali cha kazi hakikisha shule inakishughulikia, viza ya utalii usikubali kabisa kufundishia dada yangu.