Cheti kiwanda cha uchapaji kitakipata, lakini anzeni na kazi zilizorudi

Ndugu mleta uzi, nimesoma maelezo yako na michango ya wakuu waliotangulia. Kwa wanaoingia sasa: kiwanda chake kina mashine mbili za ofseti (zinazochapa kwa wino na bamba liitwalo pleti), menejimenti inataka cheti cha ISO 9001 (kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora), wakati huohuo imeletwa mashine ya kidijitali, na waendesha mashine wakongwe wamegoma kimyakimya. Fomu hazijazwi, kipima rangi kimefungiwa kabatini. Anauliza aanzie wapi. Mimi nilianza kama msaidizi wa opareta, nikaendesha mashine ya rangi nne, baadaye nikapewa usimamizi wa ubora, kwa hiyo pande zote mbili za ugomvi wenu nazifahamu.

Suala la cheti liweke pembeni kwa muda. Viwanda vingi vikisikia ISO 9001 vinakimbilia kuandika majalada. Toleo la 2015 halikulazimishi hata kuwa na kile kitabu kinene cha mwongozo wa ubora ambacho matoleo ya nyuma yalikitaka. Linachotaka ni ushahidi kwamba mnajua kazi inavyopita mkononi mwenu, mnajuaje kuwa imetoka sawa, na isipotoka sawa mnafanya nini. Halisemi neno hata moja kuhusu wino uwe mzito kiasi gani. Vipimo vya uchapaji wa ofseti viko kwenye kiwango kingine, ISO 12647-2. Mshauri akija na jalada lililokwisha kuandikwa, lenye jina la kampuni nyingine limefutwa nusu, msindikizeni mlangoni.

Mimi ningeanza na daftari la kazi zilizoharibika na zilizorudishwa. Safu nne tu: kazi ipi, kasoro gani, ilionekana wapi, ilizaliwa wapi. Safu mbili za mwisho ndizo zenye maana, na watu huzichanganya. Kasoro nyingi huonekana kwenye mashine au kwenye gilotini ya kukatia karatasi, ilhali zilizaliwa siku kadhaa nyuma: faili limeletwa na picha za RGB (rangi za skrini, si za wino), fonti hazikuambatishwa, hakuna milimita 3 za ziada pembeni za kukatia, au mteja "aliidhinisha" kwa kuangalia picha kwenye simu yake. Kwetu daftari lile liligeuza mazungumzo yote. Miaka nenda rudi kikao cha asubuhi kilikuwa kinamsomea opareta mashtaka, kumbe sehemu kubwa ya karatasi zilizotupwa zilikuwa na tatizo kabla pleti haijatengenezwa. Tukaweka utaratibu mmoja mfupi: faili lisilopita ukaguzi halitoi pleti, hata kama ni la mteja mkubwa, na prufu (nakala ya mfano anayoidhinisha mteja) bila sahihi na tarehe haiingii mashineni. Mauzo walinuna sana. Bado wananuna kidogo.

Sasa hao wakongwe. Wengi wenu mmeandika kwamba "hawapendi mabadiliko". Sikubaliani. Watu hawa walihama kutoka filamu na kuunganisha kurasa kwa mkono kwenye meza ya taa, wakaja kwenye pleti zinazotoka moja kwa moja kwenye kompyuta, tena walijifunza wenyewe bila semina. Wanachokikataa ni kupimwa, na wana sababu. Mahali nilipowahi kufanya kazi, msimamizi alichukua fomu za upotevu wa karatasi akazitumia kukata posho. Kuanzia mwezi uliofuata kila fomu ilionyesha upotevu uleule mdogo mzuri, na rundo la karatasi mbovu likahamia nyuma ya jengo. Hapo hata ununue kifaa cha bei gani, utakusanya uongo ulionyooka.

Kwa hiyo kabla hujatoa kipima rangi kabatini, menejimenti itamke mbele ya watu kwamba namba za mashine hazitagusa mshahara wa mtu, halafu itekeleze. Kisha umwonyeshe opareta kwamba kifaa kile ni shahidi wake. Kwetu ilitokea hivi: mteja alirudisha oda ya brosha akidai rangi ya nembo yake imebadilika. Opareta alikuwa amehifadhi shiti na vipimo. Rangi zake nne za msingi zilikuwa ndani ya tofauti ya Delta E 5 (Delta E ni kipimo cha umbali kati ya rangi mbili), ambayo ndiyo ISO 12647-2 inaruhusu kwa rangi kamili za sayani, majenta, njano na nyeusi, na nembo ilisomeka karibu kabisa na prufu iliyosainiwa. Mteja alikuwa analinganisha brosha na prufu chini ya taa za njano ofisini kwake. Kuna jozi za rangi zinazofanana chini ya mwanga mmoja na kuachana chini ya mwingine, ndiyo maana wachapaji tunakagua chini ya taa ya D50, yaani mwanga mweupe sanifu wa kelvini 5000. Tulimwalika, tukaziweka shiti na prufu kwenye kibanda cha taa, akaona mwenyewe. Kabla ya hapo kesi kama ile ingemwangukia opareta. Baada ya hapo hatukuhitaji kumkumbusha mtu kupima.

Jicho la mkongwe nalo lisidharauliwe. Shiti mbili zikiwa pembeni kwa pembeni, mpiga chapa mzoefu anaona tofauti ambayo wewe na mimi hatuioni. Kinachomshinda, kama kinavyomshinda binadamu yeyote, ni kukumbuka rangi ya wiki iliyopita. Kazi ya kurudia ndiyo inayohitaji namba.

Jambo la pili ambalo kipimo kilitufundisha lilinishangaza. Opareta makini sana ndiye aliyekuwa na rangi inayoyumba zaidi. Kila akichomoa shiti na kuona utofauti mdogo, anagusa funguo za wino. Wino hauitiki papo hapo, unahitaji shiti nyingi kupita kwenye rola hadi mabadiliko yatulie. Yeye akichomoa shiti kabla haujatulia, anaongeza tena, halafu unazidi, anapunguza. Mtaalamu wa takwimu Walter Shewhart alichora chati ya udhibiti ya kwanza mwaka 1924 akiwa kampuni ya Western Electric ya Marekani kwa ajili ya tatizo la namna hii: kutenganisha mtikisiko wa kawaida wa mashine, yaani vipimo kupanda na kushuka kidogo, na ule wenye chanzo maalumu. W. Edwards Deming aliyefundisha mambo haya Japani kuanzia 1950 alisisitiza kwamba kurekebisha mtikisiko wa kawaida kunauongeza. Sisi tulibandika karatasi ya grafu pembeni ya mashine, mstari wa katikati na mistari miwili ya mipaka, tukakubaliana: kipimo kikiwa ndani ya mipaka, mikono mfukoni. Kikitoka nje, au kikipanda mfululizo upande mmoja, ndipo utafute chanzo. Shiti zilizotupwa zilipungua bila kununua kitu.

Na chanzo mara nyingi kiko kwenye maji au karatasi. Pimeni pH (kiwango cha asidi) na upitishaji umeme wa maji yanayolowanisha pleti mashineni kila zamu, muandike. pH ikishuka mno wino unachelewa kukauka na shiti zinachafuana migongo; upitishaji ukipanda siku hadi siku maji yamechoka, yabadilishwe. Karatasi iache ndani ya kifungashio chake mpaka ilingane joto na chumba. Ukiifungua mapema kwenye unyevu, kingo zinajikunja mawimbi na rejista (rangi kukaa sawasawa juu ya nyingine) haikai, hata umlaumu nani.

Kuhusu mashine ya kidijitali, wakuu mmeogopeshana bure. Teknolojia hii ipo sokoni tangu 1993, Indigo na Xeikon walipoingia na mashine za rangi, na ofseti bado ipo. Ofseti ina gharama kubwa ya maandalizi ambayo inagawanywa kwa idadi ya nakala. Kidijitali maandalizi karibu hayapo lakini kila shiti ina gharama ileile hadi ya mwisho. Kokotoeni kwa gharama zenu wenyewe ni kwa nakala ngapi gharama za mashine hizo mbili zinalingana, mbandike namba hiyo mezani kwa mauzo, vinginevyo oda zitapelekwa kwenye mashine kwa mazoea. Angalizo moja tu: mteja akichapa jalada kidijitali na kurasa za ndani kwa ofseti, rangi mtazilinganisha kwa vipimo, si kwa matumaini. Mashine ile isawazishwe kila asubuhi na kila ikibadilishwa aina ya karatasi.

Nani aiendeshe? Usiajiri kijana wa kompyuta ukamwacha mkongwe kando. Waweke pamoja. Kijana anajua programu, mkongwe anajua kwa nini rangi ya ngozi ya mtu imeegemea kijani, na anajua karatasi. Kwetu jozi hiyo iligombana mwanzoni kuhusu redio, si kuhusu rangi.

Mkishafanya hayo kwa miezi kadhaa ndipo muite mkaguzi. Kumbukeni ISO wenyewe, shirika linalotunga viwango, hawatoi vyeti, vinatolewa na mashirika ya ukaguzi, na kwa kawaida cheti hudumu miaka 3 huku ukaguzi wa ufuatiliaji ukifanyika kila mwaka. Atachomoa oda yoyote na kuuliza: nani alikagua faili, prufu iliyosainiwa iko wapi, vipimo vya shiti viko wapi, kasoro iliyotokea mlifanyia nini. Daftari lako la safu nne, grafu za mashineni na kabrasha la prufu ndiyo majibu. Ukitaka, nitaandika hapa muundo wa fomu ya ukaguzi wa faili tunayotumia, ni ukurasa mmoja.