Modeli ya uzalishaji inapoganda, anza na saa yake

Ndugu, umeeleza kwamba modeli yako ya mstari wa uzalishaji, yaani programu ya kompyuta inayoigiza kazi ya kiwanda, huganda karibu saa ileile ya zamu ya pili kila unapoiendesha, na kwamba kuongeza memori ya kompyuta hakukusaidia. Kuganda mahali palepale ni dalili njema, kwa sababu namba nasibu ambazo modeli huzitumia, zikianzia kwenye mbegu moja (namba ya kuanzia), huzaa mfululizo uleule, hivyo kosa unaweza kulirudia upendavyo. Usiibadilishe mbegu kwa sasa.

Iache igande, kisha tazama saa ya modeli, yaani wakati unaoigizwa ndani yake, pamoja na prosesa. Saa ikiwa imesimama ilhali prosesa inahangaika, matukio yanazunguka katika nukta moja ya wakati. Saa ikisonga lakini hakuna kipande kinachotoka, huenda mashine zinasubiriana. Ikizidi kujikokota, hesabu vipande vilivyomo: pengine vinaingia upesi kuliko vinavyotoka, na hapo memori ya ziada huahirisha tu msiba.

Yangu ilikuwa ya aina ya kwanza, nami nilipoteza siku mbili nikiilaumu kompyuta. Kipande kilichokataliwa kwenye ukaguzi kilirudishwa kwenye mashine ya kukereza. Kanuni niliyoiandika mwenyewe ilisema kwamba mashine ikiwa mbovu, kipande kirudi kwenye ukaguzi, ambao muda wake nilikuwa nimeuacha sifuri. Mashine ilipoharibika huku kipande kikiwa njiani, kikaanza kwenda na kurudi maelfu ya mara bila saa kusogea hata sekunde moja, na tukio la kukamilika kwa matengenezo, lililopangwa dakika 40 mbele, likawa halifikiki kamwe. Daftari la matukio, yaani orodha ya kila kinachotokea katika modeli, ndilo lililoniumbua, kwani lilijaa mistari miwili inayojirudia.

Wengi hutibu hali hiyo kwa kuongeza sekunde moja ya kusubiri. Modeli itatembea, ila kwa kuchechemea, kwa kuwa itauliza swali lilelile kila sekunde. Mimi nilikifanya kipande kisubiri hadi mashine yenyewe itoe taarifa kwamba imepona.

Baada ya hapo ikakwama tena: foleni ya nafasi 4 mbele ya mashine ilijaa vipande vipya, mkaguzi akakosa pa kurudishia kibovu, na mashine ikakosa pa kutolea kwa kuwa mkaguzi bado ameshikilia. Usiikwepe hali hii kwa kuipa foleni nafasi zisizo na kikomo, maana huenda kiwanda chenyewe kitakwama vivyo hivyo. Nilitenga nafasi moja ya vipande vinavyorudi, nikaiamuru mashine ivitangulize, na modeli ikamaliza zamu zote.